Kanga haichuji, ni picha

Wiki mbili zilizopita wifi yangu (mke wa kaka, siyo ile ya ruta) alinifowadia meseji ya mteja wake wa Tanga. Mteja kaingia kwenye website ya duka, kafungua kanga ya kisutu, kaikuza kwa vidole viwili af kauliza, "Dada hii si inachuja? Naona wekundu umeingia kwenye weupe." Sasa kumwambia muuza kanga kwamba kanga yake inachuja ni kama kumwambia mama lishe umekuta nywele kwenye wali mbele ya wateja wengine. Chini ya hiyo meseji wifi hakuandika neno, kaweka voisi ya dakika nne, na dakika tatu za mwanzo zilikuwa zangu mimi niliyemtengenezea hiyo website.

Kesho yake nikaenda dukani Kariakoo. Tukakitoa kisutu chenyewe kwenye mfuko, tukakitandaza juu ya kaunta, simu tukaiweka pembeni. Kitambaa kiko safi kabisa, kila doa jekundu limeishia pale linapotakiwa kuishia. Kwenye simu, pale nyekundu inapokutana na nyeusi kuna kama ukungu wa kahawia, na inapokutana na nyeupe kuna kivuli cha pinki. Mteja hakukosea jamani. Kweli kuna kitu kimechuja pale, ila ni picha, na aliyeichujisha ni mimi.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua picha zote za duka nikazigeuza kutoka JPEG kuwa WebP (fomati, yaani aina ya faili la picha) kwa amri moja ya cwebp, programu ya kugeuzia, ubora nikauacha kwenye 75 inayokuja nayo yenyewe, nikaona folda imepungua uzito, nikafurahi nikalala. Kila mtu anasema WebP ni nyepesi kuliko JPEG na ni kweli, Google walioitangaza mwaka 2010 wanasema kwa ubora unaolingana inapungua asilimia 25 mpaka 34, na mimi kwenye picha nyingi nimeona kitu kinachokaribia hapo. Uzito ulikuwa sawa. Kilichoniponza ni rangi.

Hapa mnivumilie kidogo maana ndo penyewe. JPEG na WebP zote mbili kwa kawaida haziweki picha kama nyekundu, kijani na bluu. Zinaigawa, upande mmoja mwanga, yaani sehemu hii inang'aa kiasi gani, upande mwingine rangi. Na kwa kuwa macho ya binadamu ni makali kwenye mwanga lakini mazembe kwenye rangi, wahandisi wakaona mwanga tuuhifadhi wote ila rangi tubane matumizi, kila pikseli nne (vile vidoti vinavyounda picha) zichangie rangi moja. Hiyo ndo inaitwa 4:2:0. Kwenye picha ya bahari, ya sura ya mtu, ya sahani ya pilau, huwezi kujua. Lakini weka nyekundu kali pembeni ya nyeusi: kwenye hesabu ya mwanga nyeusi ni 0, nyeupe ni 255, na nyekundu iliyokolea mpaka mwisho ni 76 tu. Maana yake mwanga peke yake hauna mengi ya kusema kuhusu mpaka wa nyekundu na nyeusi, kazi kubwa kaachiwa rangi, na rangi ndo tumembakizia robo. Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe tupu, tena madoa madogo yaliyobanana. Ukitaka kuiumbua 4:2:0 huhitaji maabara, nenda kanunue doti moja ya kisutu.

JPEG unaweza kuiambia isikate rangi, inaitwa 4:4:4, faili linanenepa kidogo basi. WebP ya kawaida, ile inayotupa baadhi ya taarifa ili ipungue, haina hiyo nafasi kabisa, ni 4:2:0 tu utake usitake. Kuna swichi ya -sharp_yuv inayosaidia, inachukua muda zaidi kupanga zile rangi chache ziangukie mahali pazuri, nikaijaribu, kisutu kikawa afadhali lakini bado ukikaza macho unaona. Kuna pia WebP isiyotupa kitu, hiyo rangi zote zinabaki, ila kwa picha ya kamera faili linakuwa zito mpaka unajiuliza umehama JPEG kufanya nini.

Ila kabla sijaja kwenye AVIF, fomati mpya kuliko WebP, lazima niseme kitu ambacho ningekisema kwanza kama ningekuwa mtu wa mpangilio. Watu tunabishana fomati wakati picha yenyewe ina ukubwa wa kipuuzi. Simu ya wifi inapiga picha ya pikseli 3024 kwa 4032, na wateja wake wengi wana zile itel na Tecno ambazo kioo chake kina upana wa pikseli 720. Yaani unamtumia mtu shuka la sita kwa sita akafunike mto. Ukiipunguza iwe 720 kwa 960 umeshapunguza pikseli zaidi ya mara 17, kabla hujachagua fomati yoyote, halafu ndo ukapiganie hiyo asilimia 30. Na kuna hili ambalo watu hawalisemi: fomati inapunguza bando, haipunguzi RAM. Ile picha kubwa ikishafika kwenye simu lazima ifunguliwe iwe pikseli tupu, kila pikseli baiti nne, na hiyo ni karibu MB 49 kwa picha moja hata kama ilisafiri ikiwa AVIF ya KB 300. Simu yenye RAM ya GB 1 ukiiwekea ukurasa wa kanga ishirini za hivyo brauza inajifunga yenyewe, mteja anasema website yenu mbovu, na kasema kweli.

Kwa hiyo mimi siku hizi kila picha inatoka saizi tatu, 480, 720 na 1080, na srcset, ile orodha ya saizi kwenye HTML ya ukurasa, inaiachia simu ichague. Hiyo ikishakaa sawa ndo naongea fomati.

AVIF basi. Hii imetoka kwa Alliance for Open Media, muungano wa makampuni makubwa waliotengeneza AV1 ya video, na picha ya AVIF kimsingi ni fremu moja ya hiyo video imewekwa kwenye kontena lake (WebP nayo ni vilevile, ndani yake kuna VP8, ukiangalia vizuri miaka yote hii tunaangalia video zilizosimama). Maelezo yake rasmi yalitoka 2019, Chrome ikaipokea 2020, Firefox 2021, iPhone kuanzia iOS 16 mwaka 2022, Edge ndo ikachelewa mpaka mwanzoni mwa 2024. Inabeba 4:4:4, inabeba biti 10 na 12 kwa kila rangi, na kwa picha za kawaida inaishinda WebP kwa uzito waziwazi, hasa ukishuka kwenye saizi ndogondogo ambako JPEG inaanza kuonyesha vile viboksi vyake vya nane kwa nane.

Nikaipeleka kisutu AVIF 4:4:4. Mpaka wa nyekundu ukasimama kama kwenye kitambaa, na faili bado dogo kuliko ile JPEG niliyoanza nayo. Nikataka kushangilia, ila wifi akachukua simu akaangalia picha nyingine, kanga ya pamba nzito aliyoipiga kwa karibu ili watu waone uzi. Akaniambia, "Wifi, hii mbona kama imepigwa pasi? Hii sasa inaonekana poliesta." Na kweli. AVIF ukiibana sana haikuletei viboksi kama JPEG, inalainisha. Inafuta vitu vidogo kwa ustaarabu mpaka hujui kama kuna kitu kimefutwa, na kwenye nguo hicho kitu kidogo ndo mteja anachonunua, uzi. Nikapandisha ubora kwa picha za karibu, zikawa nzito kidogo, nikakubali. Na msije mkalinganisha namba za ubora kati ya fomati, 60 ya AVIF na 60 ya JPEG ni shilingi ya Tanzania na ya Kenya, jina moja thamani tofauti. Fungua Squoosh kwenye brauza, weka picha, vuta ule mstari wa katikati kushoto kulia, kuza mpaka uone nyuzi, amua kwa macho. Kila kitu kinafanyika kwenye kompyuta yako, picha haiendi popote.

Mambo mawili ya AVIF yanayokera. Kwanza kuiandaa ni taratibu sana, kwenye hosting yangu ya kuchangia na watu wengine nilipoweka PHP, programu ya upande wa seva, igeuze picha papo hapo wakati wifi anapandisha (PHP inaiweza kuanzia 8.1) wakanizimia akaunti kwa kula CPU, kwa hiyo sasa nageuza kwenye laptop usiku ndo napandisha. Pili, mtandao ukiwa wa kusuasua, JPEG ya progressive inakuja na ukungu kwanza halafu inazidi kukolea, mteja anajua kitu kinakuja. AVIF kwa kawaida inakaa kimya, boksi jeupe, mpaka faili lote lifike ndo inatokea mzima mzima. Nikiwa na picha ya KB 30 haijalishi, ila kwa picha kubwa ya juu ya ukurasa nimeona watu wanaondoka.

HEIC sasa, fomati ya picha za iPhone. Wifi alibadili simu akanunua iPhone ya mtumba, na kuanzia wiki hiyo picha akituma kwa yule kijana wa steshenari anayemtengenezea mabango, kijana anamjibu hazifunguki. iPhone tangu iOS 11 mwaka 2017 inahifadhi picha kama HEIC, nayo ni ndugu ya AVIF kabisa, kontena lao moja, tofauti ndani kuna HEVC, nayo ya video, ambayo ina mambo ya hataza na malipo, ndo maana Chrome na Firefox hazijaigusa. Kwenye simu yenyewe ni nzuri na inaokoa nafasi. Kwenye website usiiweke kabisa, huo siyo mjadala. Nilimwonyesha Settings, Camera, Formats, Most Compatible, na tangu siku hiyo kijana wa steshenari kanyamaza.

JPEG XL, fomati nyingine mpya, naipenda, nisiseme uongo. Inaweza kuchukua JPEG uliyonayo ikaipunguza karibu asilimia 20 bila kupoteza hata pikseli moja, na ukitaka unairudisha JPEG ileile kama ilivyokuwa. Safari wakaiweka toleo la 17 mwaka 2023, lakini mwaka huohuo Chrome ikaitoa toleo la 110 baada ya kukaa nayo kwenye majaribio, na wateja wa wifi wanatumia Chrome ya Android kwa wingi, kwa hiyo ni kama kununua gari zuri halafu unakaa Mafia unataka kuendesha mpaka Dar.

PNG, mtu asikuletee picha ya kamera ikiwa PNG. Nembo ya duka tuliletewa PNG ya MB 2, nikaomba faili la mchoro wenyewe nikaigeuza SVG, inayohifadhi mistari ya mchoro badala ya pikseli, ikawa KB 6 na inakaa safi kwenye kioo chochote. PNG nimeibakiza kwa skrinishoti za malipo tu, pale ambapo herufi na namba lazima zisomeke.

Nikarudi kuandika upya zile picha, na hapa nikafanya kosa la kijinga. Kwenye HTML unaorodhesha fomati zote za picha moja, na brauza inasoma orodha hiyo kutoka juu kwenda chini na inachukua ya kwanza inayoielewa, haitafuti iliyo nyepesi. Mimi nilitanguliza WebP. Wiki nzima AVIF zangu zimekaa kwenye seva hakuna aliyezigusa. Inatakiwa iwe hivi:

<picture>
  <source srcset="kisutu.avif" type="image/avif">
  <source srcset="kisutu.webp" type="image/webp">
  <img src="kisutu.jpg" width="720" height="960" alt="Kanga ya kisutu">
</picture>

(srcset ya saizi tatu nimeiondoa hapo ili isomeke.) Ile JPEG ya chini usiione ushamba ukaifuta. Kuna watu wana zile kitochi za intaneti zenye mfumo wa KaiOS 2.5, ndani yake kuna Firefox 48, na Firefox ilianza kuielewa WebP toleo la 65. Hao wanapata JPEG na wananunua kanga kama kawaida. Na width na height ziwepo, bila hivyo picha zikifika ukurasa unaruka na mtu anabonyeza doti asiyoitaka.

Halafu nikadhani nimemaliza, kumbe kuna kamati ya harusi.

Kamati ya harusi, kwa asiyejua biashara ya kanga, ndo mteja mkubwa, sare ya watu hamsini siyo mchezo. Mjumbe mmoja anaingia kwenye website, anachagua kanga tano, anabonyeza picha kwa muda mrefu, anaihifadhi, anaenda kuirusha kwenye grupu ili wenzake wapige kura. Akampigia wifi kwamba picha kazishusha lakini kwenye gallery hazifunguki, zinaonyesha kiboksi cha kijivu. Simu yake ilikuwa Android 10. Ikanichukua jioni nzima kuelewa: Chrome imebeba kifungua-AVIF chake yenyewe ndani ya tumbo lake, ndo maana kwenye website anaona vizuri, lakini gallery inategemea Android, na Android imeanza kuijua AVIF kwenye toleo la 12 mwaka 2021. Kwa hiyo picha ile ile, simu ile ile, app moja inaiona nyingine haiioni. WebP hiyo shida kwenye Android haina, ipo tangu toleo la 4, na kwani si stika nyingi za WhatsApp ni WebP, mabibi wanatumiana kila asubuhi bila kujua wanatumia teknolojia ya Google.

Nikaweka kitufe chini ya kila picha, "Shusha picha", na hicho kinatoa JPEG 4:4:4 ya pikseli 1080, kwisha. Picha ile inayotokea ukituma linki ya duka WhatsApp au Facebook nayo nimeiacha JPEG, maana pale hujui nani anaisoma upande wa pili na AVIF sehemu nyingi inakuja tupu.

Rafiki yangu anayetengeneza app za simu kwa zana inayoitwa Flutter nilimsimulia hii akacheka, yeye kwake ni rahisi, Flutter yenyewe inafungua JPEG, PNG, GIF, WebP na BMP, AVIF siyo ya kutegemea kwenye kila simu bila paketi ya nje, kwa hiyo kila kitu chake ni WebP na hafikirii tena. Na mimi kama ningekuwa nauza viatu au sufuria ningemfuata, WebP moja kwa kila mtu na JPEG ya akiba. Ni hizi nyekundu tu.

Kisutu kimekaa sawa sasa. Mteja wa Tanga nilimwomba wifi amtumie linki upya, akajibu "sawa dada, nipe mbili". Kinachotusumbua ni zile picha za zamani, kama mia tatu hivi, ambazo wifi alikuwa anapiga, anajitumia WhatsApp, halafu anafuta ya kwanza ili kuokoa nafasi kwenye simu. Zile zimeshaminywa na WhatsApp, wekundu umeshavuja mle ndani, na nikizigeuza AVIF ya 4:4:4 nitapata uvujaji uleule umehifadhiwa kwa uaminifu mkubwa, fotokopi ya fotokopi. Zinapigwa upya zote Jumamosi, asubuhi kabla jua halijawa kali, uani kwao, na kaka ameshaambiwa yeye ndo atashika kanga.